Eropleni Iliyobebwa Mgongoni

Leo nataka kuwasimulia habari za Maia na Mercury, eropleni mbili zilizounganishwa zikaruka kama moja. Wapendao eropleni za zamani, zile ziendazo kwa rafadha, hawachoki kuzitaja, nami ni mmoja wao.

Ndugu zake Maia walijulikana huku kwetu. Tangu mwaka 1937 mashua zirukazo za Imperial Airways zilikuwa zikitua majini Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikichukua barua na abiria baina ya Uingereza na Afrika ya Kusini. Kila kituo zilipata petroli. Lakini katikati ya bahari ya Atlantiki hapana Lindi wala Kisumu. Eropleni iliyojazwa petroli ya kuvuka bahari ile na mizigo juu yake ilikuwa nzito mno, haikuweza kunyanyuka majini. Walakini kama ingekwisha kufika juu, ingeweza kuruka na uzito ule ule. Ndipo Meja Robert Mayo alipotoa shauri kwamba kubwa iibebe ndogo mgongoni, kisha iiachie angani.

Mafundi wa Short Brothers, mjini Rochester, waliunda Maia kwa mfano wa ndugu zake, lakini waliubadili mwili. Waliupanua mahali unapokutana na maji, ukapate kuchukua uzito wa wawili. Injini wakazisogeza nje, zisigongane na vyelezo vya Mercury. Na mgongoni wakasimamisha kitako cha chuma chenye kufuli tatu. Ya kwanza ilifunguliwa na rubani wa chini, ya pili na rubani wa juu. Ya tatu ilifunguka yenyewe, Mercury ilipovuta kwa nguvu ya kutosha. Na mabawa yalipangwa hivi kwamba wakati wa kuachana Mercury ilipanda na Maia ikashuka, zisipate kugongana. Kwangu mimi, hapo ndipo akili yenyewe ilipo.

Ziliachana angani mara ya kwanza tarehe 6 Februari, 1938. Tarehe 21 Julai Maia iliiachia Mercury karibu na Foynes, Ireland, nayo ikafika Montreal, Kanada, kwa muda wa saa 20 na dakika kadha wa kadha, ikichukua ratli 1,000 za mizigo. Rubani alikuwa Kapteni Bennett, pamoja na mwenzi mmoja tu. Mwezi wa Oktoba iliondoka Dundee, Scotland, ikikusudia Cape Town. Petroli ikapunguka, ikatua penye mlango wa mto Orange; hata hivyo ilikuwa imekwenda zaidi ya maili 6,000 bila kutua, na hapana eropleni ya majini iliyopata kufika mbali hivyo kabla yake.

Wako wasemao kwamba ilikuwa kazi bure, kwa kuwa iliundwa jozi moja tu. Sikubaliani nao. Iliahidi kuvuka na mizigo, ikavuka. Kilichoiondoa ni eropleni mpya zenye kwenda mbali zaidi, na ufundi wa kutia petroli angani, kisha vita vya mwaka 1939.

Mwezi wa Mei, 1941, Maia ilipigwa bomu katika bandari ya Poole, ikazama. Mwaka ule ule Mercury ilivunjwa, madini yake yakatumiwa kwa kazi za vita. Wapenzi wake wa leo hawana la kugusa. Hutazama picha na michoro, wakachonga mifano midogo ya mbao, mmoja juu ya mgongo wa mwenziwe.