Kasha Letu na Majirani Ambao Hawakukimbia

Maneno ya kamati mbele ya wanamemba, majirani na wafadhili, Uvira

Tunaona jua ni kali na viti havikutosha. Watoto muwaache wakae chini ya mwembe.

Mulituletea ulizo, na tumependa kulijibu hapa mbele ya wote kuliko kulijibu kwa barua. Mmoja wa wafadhili wetu alisoma lista ya watu waliosaidiwa na kasha letu, akakuta majina ambayo hayako na namba ya karatasi ya kurudi. Akatuandikia: hawa ni nani? Shirika ni la watu waliorudi kutoka ukimbizini, mbona pesa zinaenda kwa watu ambao hawakutoka Uvira hata siku moja? Ni ulizo la haki. Hata ndani yetu wako wanaouliza vilevile, na wao wanauliza kwa sauti kubwa zaidi kuliko mfadhili.

Tuanze na karatasi yenyewe. Wengi wetu tulikimbia mwezi wa kumi 1996, vita ilipofika Uvira. Wengine walirudi, wakakimbia tena 1998. Kuna waliovuka ziwa na mitumbwi usiku mpaka upande wa Kigoma, kuna waliopita Kavimvira na Gatumba wakaingia Burundi. Wale wa Tanzania tulikaa Nyarugusu, na wengine Lugufu mpaka ilipofungwa 2009. Kule mtu alikuwa na kijiji chake, zoni yake na namba ya kadi ya posho. Ukipoteza kadi, hauli. Tulizoea kuamini kwamba karatasi ndiyo mtu. Ndiyo maana tuliporudi tulizishika zile karatasi za kurudi kama vile mama anavyoshika mtoto ndani ya mashua.

Lakini hapa Uvira ile karatasi haikufungua mlango wa parseli hata moja. Munajua wote. Mtu anarudi, anakuta nyumba ya baba yake ilibomoka, na juu ya kiwanja kuna nyumba nyingine, mke, mume, watoto, kuku. Wale watu si wezi. Walinunua kwa mtu ambaye hakuwa mwenye parseli, wakatoa pesa yao halali. Hati za zamani ziliungua, ziliibiwa ao zilibaki kwenye sanduku ambalo lilizama. Shefu anauliza: nani alikuwa jirani yako wa juu? Nani wa chini? Nani anaweza kusema kwamba ulikaa hapa?

Nani, kweli? Wale waliokuwa wakimbizi pamoja na wewe hawawezi kuwa mashahidi wa kutosha, juu ya wao pia hawakuwepo. Anayeweza kusema ni yule aliyebaki.

Tuko na mwanamemba wetu mmoja, fundi viatu. Hatutaji jina, na yeye amekaa hapo anatabasamu. Aliporudi alikuta mambo kama hayo. Walikaa mbele ya shefu mara tatu, maneno yakazunguka tu, ikaonekana shauri litaenda tribinali, na kule tunajua mtu maskini anaingia na mbuzi anatoka na kamba. Mara ya nne akaja mama mmoja mjane, muuza ndakala, nyumba tatu chini ya pale. Hakuna aliyemwita. Aliweka beseni yake chini, akasema: "Huyu mtoto ninamujua. Baba yake alipanda ule mwembe mwaka nilizaa mtoto wangu wa pili. Mupaka ulikuwa ile mistari ya miyenzi, si hapa munaposema. Na choo yao ilikuwa pale." Akanyoosha kidole.

Walichimba pale. Chini ya mkono mmoja wa udongo yakatokea matofali ya choo cha zamani.

Basi, maneno yalikwisha siku ile. Wale walionunua walipewa muda mpaka watoto wamalize mwaka wa shule, na fundi viatu akakubali kulipa mabati waliyoweka wao. Leo ile familia inakaa avenyu ya pili, na mtoto wao anajifunza kushona viatu kwa nani? Kwa yeye. Tunalisema hili haraka haraka, lakini lilichukua miezi mingi na chai nyingi, na siku zingine watu hawakusalimiana.

Sasa tuje kwenye lista. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha kule milimani, na Mulongwe ukashuka na mawe na miti mizima. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa ile sauti. Wageni wetu, mufikirie malori mengi yanamwaga mawe kwa wakati mmoja, gizani, na hayaishi. Watu walikufa, daraja likaharibika, nyumba elfu na elfu zikaanguka ndani ya mji. Mabomba ya maji yakakatika, watu wakarudi kuchota ziwani na mtoni, na kipindupindu, ambacho katika mji wetu hakijawahi kuwa mgeni, kikapata njia tena. Nyumba ya yule mama wa ndakala ilienda yote, na beseni zake na nyavu za kuanikia.

Alilala wapi? Kwa fundi viatu, ndani ya ile parseli aliyoisemea.

Kanuni yetu ya wakati ule ilisema: kasha ni kwa mwanamemba, na mwanamemba ni mtu aliyerudi. Kamati ilikaa usiku na taa ya tochi. Mmoja akasema, tufuate kanuni, juu ya leo ni huyu, kesho itakuwa mji mzima. Mwingine akauliza swali moja tu: kama huyu mama angenyamaza siku ile, fundi viatu angekuwa anatoa mchango wake wa kila juma akikaa wapi? Hakuna aliyejibu. Tulifungua kasha, tukanunua mabati na misumari. Lile jina la kwanza lisilo na namba kwenye lista yenu, ni lake.

Majina mengine yalikuja baada ya hapo, na hatutayaeleza moja moja. Kuna mwalimu ambaye aliwapokea watoto wetu katikati ya mwaka bila kudai minervali ya miezi iliyopita. Kuna nyumba mbili za kule karibu na maji, wakati ziwa Tanganyika lilipanda 2024 na watu wakawa wanatembea ndani ya sebule zao na maji magotini. Kuna mzee ambaye hatukumjua kabisa. Huyo alikufa tu, na mtu akifa kwenye avenyu hawezi kulala bila turubai na sufuria kubwa, na turubai ni letu.

Tusifiche mambo mbele ya wageni: kupendana hapa hakukuja kwenyewe. Tuliporudi tulisikia tunaitwa "Batanzania". Tukisema "shule", wanatucheka. Mtoto akiuliza bei ya kilo, wanamwambia hapa tunapima na kopo, rudi Kigoma. Kwenye foleni ya maji mama mmoja alimwambia mwenzake: "Ninyi mulikuwa munakula unga ya HCR, sisi tulikuwa tunalala chini ya kitanda juu ya masasi." Na mwenzake akamjibu: "Ile unga uliionja? Mimi nilizika watoto wawili kule ku kambi." Wote wawili walisema kweli. Hakuna mwenye haki ya kupima kilio cha mwenzake na kopo.

Mabishano mengi yalianzia kwenye bomba, na hata upatanisho ulianzia hapo, kwa hiyo muturuhusu tukae kidogo kwenye bomba. Maji ya Regideso yanatoka mto Mulongwe, na hayaji saa zote. Yakija, yanaweza kuja saa kumi ya usiku na kukatika kabla ya jua kupanda. Kwa hiyo watu wanaweka bidoni zao jioni, na asiye na bidoni ya kuacha nje, kwa kuogopa wezi, anaweka jiwe. Jiwe linamshikia nafasi. Kila mtu anajua jiwe lake: hili limepasuka, hili liko na alama ya rangi, hili ni kipande cha tofali. Sisi tuliorudi hatukujua desturi hii. Msichana wetu mmoja alisukuma jiwe na mguu, akaweka bidoni yake, na asubuhi ile watu wazima walitaka kupigana, bidoni zikavunjika, maji yakamwagika mpaka yakakatika bila mtu kupata hata bidoni moja.

Baada ya siku ile ndipo tulipofanya kamati ya bomba pamoja nao. Mwenye ufunguo ni mmoja wa waliobaki, mwenye daftari ni mmoja wetu. Kila bidoni inalipiwa kidogo. Sehemu inalipa fakitire, sehemu inangojea robine ikiharibika, na inayobaki inaingia ndani ya kasha. Jiwe linaheshimiwa. Mwenye mgonjwa wa kuhara nyumbani anapita mbele bila kupanga foleni, na hilo hatukujadiliana hata dakika tano.

Wafadhili wetu munapenda kuuliza namna gani kasha linaweza kusimama siku ninyi mutaondoka. Jibu liko kwenye jambo hili hili. Sisi tuliorudi tulirudi karibu wakati mmoja, mikono mitupu wakati mmoja. Septemba wote tunatafuta pesa ya sekondari. Mvua ikianza wote tunatafuta mbegu. Kasha la watu wanaokosa siku moja linakauka siku ile ile. Tuliliona likikauka mara mbili. Tangu tuingize waliobaki, tuko na mwenye mtumbwi ambaye anapata pesa ndakala zikiwa nyingi, hata kama sisi tumekwama. Tuko na wenye mashamba ya mpunga bondeni kwa Ruzizi, ambao wanavuna wakati sisi wengine bado tunakopa. Tuko na mwenye pikipiki, na mshahara wa mwalimu, ukifika. Mmoja anatoa wakati mwingine anachukua. Hii si huruma, ni hesabu, na mweka hesabu wetu yuko tayari kuwaonyesha daftari, ukurasa kwa ukurasa, baada ya chakula.

Kuna wanamemba walioondoka juu ya jambo hili. Tunawaheshimu. Walisema shirika lilizaliwa kambini, chini ya turubai, na walioliumba hawakufikiria watu wa hapa. Ni kweli, lilizaliwa kule. Wanaotaka kurudi wajue nafasi zao kwenye daftari hazikufutwa, tuliacha mistari mitupu.

Basi, tunaomba mambo mawili, moja kwa wafadhili na moja kwa wanamemba.

Kwa wafadhili: kwenye fomu yenu kuna safu inayouliza namba ya karatasi ya kurudi, na bila namba jina linakataliwa. Tunaomba muongeze safu nyingine ambayo inauliza tu: mtu huyu anakaa avenyu gani, na nani anamshuhudia. Kama hamuwezi, tuambieni wazi leo. Pesa zenu tutazitumia kwa wenye namba peke yao, na hao wengine tutawasaidia na michango yetu wenyewe na pesa ya bidoni. Itakuwa kidogo, lakini jina la yule mama hatutaliondoa, wala hatutaliandika kwa uongo na namba ya mtu mwingine. Tunajua kuna mahali watu wanafanya hivyo ili lista ipite. Sisi hapana.

Kwa wanamemba: kasha liko na kufuli tatu na funguo tatu, na funguo zote tatu ziko kwa watu waliorudi. Kamati inapendekeza ufunguo wa tatu ukae kwa mmoja wa waliobaki. Tumesikia maneno yenu wiki hii, kwamba kuwasaidia ni sawa, lakini kuwapa ufunguo ni kitu kingine. Lakini wao wanaweka franga zao ndani ya kasha hilo hilo kila juma, na ufunguo wa bomba wanaushika wao tangu siku ya mawe, na hakuna maji yaliyopotea. Mutapiga kura leo, kwa kunyanyua mkono, waliobaki na waliorudi wakihesabiwa pamoja. Asiyekubali anyanyue mkono wake bila woga, na sababu yake itaandikwa.

Jina linalopendekezwa mutalisikia kwa shefu. Tunawaambia mapema tu kwamba si mama wa ndakala. Tulimwomba, akakataa, alisema ufunguo utaangukia ndani ya ndakala na hatutauona tena.

Jambo la mwisho ni la salongo. Jumamosi saa moja asubuhi tunafukua mtaro kuanzia barabara kubwa mpaka chini, kabla mvua haijaanza. Kila nyumba ilete mtu mmoja na jembe ao beleshi. Mwenye karai alete karai. Mawe yatakayotoka tusiyatupe njiani, wale wa nyumba za chini wanayahitaji kwa misingi. Chakula ni sombe na bugali, na wageni wetu kama bado muko mjini, majembe ya kuazima yapo.

Sasa tunamkaribisha shefu wa avenyu aongoze kura.