Hotuba kwa vijana wa Kisangani: ulevi utibiwe ku santa ya afya, si ku kasho

Wandugu vijana wa Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani, na ninyi wa Lubunga wenye mumevuka mto kwa pirogi ili kufika hapa,

Leo hatuzungumuzi uchaguzi wala barabara. Tunazungumuza juu ya wenzetu wenye wanakunywa lotoko tangu asubuhi mapema, na wenye wanameza tramadol ili waweze kukanyaga toleka ao kubeba magunia siku nzima. Munawajua. Wengine wamesoma pamoja na sisi. Tulipata diplome siku moja, tukapeleka barua za kuomba kazi ku ofisi zilezile, na jibu halikuja.

Kijana kama huyo akitaka kuacha, aende wapi? Jamaa inamupeleka ku chumba cha maombi, kwani wanasema ni ndoki. Polisi inamutia ku kasho. Akitoka, lotoko inamungojea palepale. Mwaka 2021, wakati bombé ilitokea Kinshasa, vijana walikamatwa na kuonyeshwa mbele ya kamera. Kamera haijatibu mtu.

Sasa kuna jambo lenye watu wengi hawajui, na linaua. Mtu mwenye amekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akikata ghafula, mwili unamugeuka. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Siku ya pili ao ya tatu anatetemeka, moyo unakimbia, anaona vitu vyenye haviko. Jamaa inasema: munaona, ni pepo! Hapana. Ni mwili uliozoea pombe na sasa umeikosa. Matibabu yanajulikana: diazepam kwa kipimo cha munganga ao muuguzi, vitamini B1, maji, chakula, na mtu wa kukaa karibu yake. Diazepam si dawa ya mbali. Wauguzi wanaijua kwa watoto wenye degedege. Tramadol nayo iko ya jamaa moja na morfini. Kipimo kikipita inaleta degedege, na mwenye ameizoea anaiacha polepole, akisaidiwa. Kwa hiyo mwenye kumufunga kijana kamba siku tatu "ili imutoke" anacheza na maisha ya mtu.

Wakubwa wanatujibu: hatuna waganga wa akili. Ni kweli, ni wachache sana. Kinshasa kuna CNPP, Bukavu kuna Sosame. Lakini kutoka hapa mpaka Kinshasa kwa mto ni karibu kilometa 1,700. Mama mwenye kuuza pondu ku soko atamupeleka mtoto wake na franga gani?

Hilo jibu halitutoshi. OMS ilitoa kitabu chenye kinaitwa mhGAP, toleo la pili ni la mwaka 2016, kwa ajili ya wauguzi na waganga wenye si wa akili. Ndani muna sehemu nzima ya pombe na dawa za kulevya. Iko pia orodha ya maulizo 10, AUDIT, yenye muuguzi anaweza kuuliza mugonjwa kwa dakika chache, akajua kama anakunywa tu ao pombe imemushika. Na jirani zetu wameonyesha njia: Dar es Salaam walianza kutoa methadone ku hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 kwa watu wa heroini, kisha ikafika Mwananyamala na Temeke. Mugonjwa anakuja kila siku, anakunywa mbele ya muuguzi, anarudi ku shuguli zake. Kwetu shida kubwa si heroini, na hatuombi methadone. Tunaomba njia ile: dawa imufuate mugonjwa penye anaishi.

Kisangani iko na zoni tano za afya. Tunataka kila moja ianze na muuguzi mmoja mwenye kufundishwa ku kila santa, diazepam na B1 zisikosekane, wagonjwa wakali wapelekwe ku hopitali ya rufaa, na jina la mugonjwa lisipelekwe kwa polisi. Hii ya mwisho tunaisisitiza. Kama kijana anaogopa kukamatwa, hata dawa ya bure haitamufikia. Na kwa bei: kifungu cha 47 cha Katiba kinasema haki ya afya inalindwa. Mwenye hana franga ya chakula hawezi kulipa fishi kila juma.

Kuna wenye watasema mama wanaozaa watangulie. Sisi hatuwashindanishi. Lakini ule mulevi njo bwana wa mama yule. Na akiwa na kifua kikuu, anasahau vidonge na kuambukiza nyumba yote.

Tutaanza Lubunga. Tangu 2023 vita ya Wambole na Walengola imefukuza watu ku mashamba yao, na lotoko inauzwa haraka penye watu wamepoteza vyote. Kila eneo la afya liko na CODESA, kamati ya wanainchi wenye kufuata kazi ya santa. Tutaingia ku mikutano yao na ulizo moja: mwenye kutaka kuacha pombe leo, munamupokea namna gani? Jibu tutaliandika na kulipeleka ku ofisi ya zoni.

Na wale kati yetu wenye wamemaliza masomo ya uuguzi na sasa wanauza inite za simu, tunawaomba wabaki hapa kisha mukutano. Tunahitaji majina yenu. Wakisema hakuna watu wa kufundisha, tutaweka orodha hiyo ku meza.