Atungaye na Atunzaye: Kujenga Maisha ya Ubunifu Pamoja na Wenzako

Mada iliyowasilishwa katika semina ya waandishi chipukizi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga maisha ya ubunifu. Mada ya aina hii ina mtego wake. Mtoa mada anaweza kuwahimiza vijana waamke alfajiri, waandike kurasa mbili kila siku na wasikate tamaa, kisha tukapiga makofi na kwenda kunywa chai. Ushauri huo si mbaya. Lakini nikitazama jinsi fasihi ya Kiswahili ilivyotufikia, naona kwamba bidii ya mtunzi peke yake haijapata kutosha. Nyuma ya majina mengi makubwa tunayoyataja madarasani yupo mtu mwingine: aliyenakili, aliyehariri, aliyehifadhi barua, aliyepenyeza karatasi zilizofichwa. Nitadai leo kwamba kusoma na kubeba kazi za wenzako ni sehemu ya uandishi wenyewe. Si hisani ya kufanywa mtu akishapata jina.

Tuanzie Mombasa. Muyaka bin Haji alifariki karibu mwaka 1840. Alitunga zama za utawala wa Wamazrui, juu ya vita na mapenzi, juu ya uhitaji na kebehi za mtaani, juu ya ugomvi wa Mvita na Lamu. Hakuacha diwani. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu, na kila mzee aliyezikwa alizikwa na beti zake. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye naye alikuwa mtunzi, aliwaendea wazee waliozikumbuka, akazikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu. Alifanya hivyo akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyekuwa akiichunguza lugha. Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka ilichapwa mwaka 1940 kule Johannesburg, William Hichens akiwa mhariri: karibu karne nzima baada ya kufa mtunzi, na nusu karne baada ya kufa mkusanyaji.

Leo Muyaka yumo katika mitaala. Sikujua yumo katika tanbihi, akibahatika. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Tumefunzwa kumtukuza atungaye na kumsahau atunzaye, na matokeo yake kila kijana anayeingia katika fani anataka kuwa Muyaka, wala hapatikani wa kuwa Sikujua. Tena Sikujua hakupoteza muda kama mnavyoweza kudhani. Mtu anayeandika beti za fundi, akikwama kwenye neno lililosahauliwa na msimulizi, akalazimika kuuliza mizani na kina vinataka nini pale, anapata somo ambalo hakuna warsha itakayompa. Ndiyo maana kila nikiulizwa na kijana aanzie wapi, namwambia achukue daftari na anakili kwa mkono ukurasa wa mwandishi anayemhusudu. Wengi hucheka. Wachache hujaribu, na hao huanza kuona koma zilipowekwa.

Sasa twende Tanga na Unguja, maana mfano huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, na baadaye akahamia idara nyingine. Vitabu vyake viliandikwa pembeni mwa ajira. Nawaambia hivi wale mnaoniuliza kila mara mtaacha lini kazi ili muandike. Mathias Mnyampala wa Dodoma naye alikuwa karani, kisha hakimu. Nisingependa tuifanye hali hiyo kuwa sifa, kwa sababu mwandishi anastahili kula kwa kalamu yake; lakini anayesubiri siku ya uhuru kamili atasubiri sana.

Shaaban Robert huyo, akiwa tayari ana jina, alikwenda kumsikiliza Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika jamaa ya wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu kuuza. Hakusoma shule. Alifundishwa muziki na Ali Muhsin, mpigaji udi, kisha akawa na kikundi cha wanamuziki mahiri kama Subeti bin Ambari na Maalim Shaaban, na mwaka 1928 wakasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Muda mfupi kabla ya hapo Shaaban Robert alizungumza naye, na katika mazungumzo hayo ndimo ilimozaliwa Wasifu wa Siti binti Saad, iliyochapishwa 1958.

Hebu tulitazame tendo hilo kwa makini. Mshairi mwanamume, msomi kwa vipimo vya wakati wake, anamwendea mwimbaji mwanamke ambaye heshima yake kwa baadhi ya watu wa mjini ilikuwa ya mashaka, anakaa mbele yake na kuuliza. Kitabu chenyewe kina kasoro. Kwa ladha yangu kina mawaidha mengi kuliko habari, na yapo maswali ambayo mwandishi wa leo angemuuliza Siti bila kuchelewa: mapato ya zile sahani yalikwenda kwa nani? Nani alitunga wimbo gani katika kile kikundi? Hata hivyo, kitabu kile kisingekuwapo, maisha ya Siti yangebaki uvumi tu. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipotafuta jina la jarida lake kililiita Sauti ya Siti. Sidhani kwamba jina lile lingekuwa karibu hivyo na ulimi wao kama hakuna aliyekuwa ameyaandika maisha ya mwenye sauti.

Naye Shaaban Robert alikuwa na mtunzaji wake. Ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, mwandishi wa Nguzo ya Maji na Hadithi Nyingine, alizihifadhi barua alizokuwa akiandikiwa. Barua hizo, za kuanzia 1931 hadi 1958, zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 2002. Bila Ulenge tungemjua mwanafalsafa wa Kusadikika tu, tusimjue mtu mwenye familia na mahangaiko ya kila siku. Ninyi mnaowasiliana kwa simu, jiulizeni ujumbe mnaotumiana kuhusu miswada yenu utakuwa wapi baada ya kubadilisha simu mara mbili. Hifadhini. Chapisheni kwenye karatasi yale ya maana.

Nitaharakisha kidogo. Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa, alikuwa na uwezo wa kuandika vyake tu. Akachagua kuhariri Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyotoka 1971, na akafanya kazi ya Historia ya Kiswahili pamoja na Mnyampala, Mgogo wa bara ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Mnyampala alifariki 1969, Chiraghdin 1976, na kitabu kikatoka 1977. Hakuna hata mmoja wao aliyekishika mkononi. Waliokifikisha mitamboni ni watu ambao majina yao hatuyatamki. Mshairi Abdilatif Abdalla naye alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Akiwa gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, zikapenyezwa nje kwa siri. Utenzi wake wa Maisha ya Adamu na Hawaa ulichapishwa 1971 mwenyewe akiwa bado kifungoni. Sauti ya Dhiki ikafuata 1973. Mtu aliye ndani hawezi kwenda kwa mchapishaji. Walikwenda wengine.

Kusoma kwa kujibu

Zamani ukurasa wa mashairi wa gazeti ulikuwa shule. Mambo Leo lilianza kutoka 1923, na kwa miongo kadhaa washairi wa miji tofauti walijibizana humo. Mtu wa Tanga anauliza, wa Dodoma anajibu, wa Pwani anakosoa kina. Ukipeleka shairi lenye mizani mbovu unasahihishwa mbele ya kadamnasi. Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa anaandika kwa jamii ambayo tayari ilikuwa imezoea kubishana juu ya sheria hizo.

Leo tuna makundi ya WhatsApp. Mtu anaweka shairi saa mbili usiku. Saa mbili na dakika moja zimeshaingia "hongera malenga" kumi na mbili na maua. Katika dakika moja hakuna aliyesoma beti nane. Sifa ya namna hiyo humdhuru mtunzi kuliko tusi, kwa sababu tusi lingalimfanya arudi kulitazama shairi. Ukipewa mswada wa mwenzako, muulize kwanza anataka nini kwako. Usome mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, weka alama pale ulipochoka na pale ulipotaka kuendelea, umwambie hivyo hivyo, na usimwandikie kitabu chake upya. Wahariri wabaya niliowahi kukutana nao wote walikuwa na ugonjwa mmoja, wa kutaka kila mswada ufanane na wao.

Halafu kuna suala la fedha, ambalo tukiwa katika vikao vya fasihi tunalionea haya. Mwenzako anazindua kitabu, unafika, unapiga naye picha, unakula sambusa, kisha unamvuta pembeni umuulize nakala yako ya bure iko wapi. Kitabu kikiuzwa shilingi 10,000 na mrabaha ukawa asilimia 10, mwandishi anapata shilingi 1,000. Ukimuomba nakala ya bure unamtaka ainunue yeye ili akupe wewe. Nunua. Usipoweza, nenda maktaba ya mkoa ukiulize, maana kitabu kinachoulizwa mara nyingi huagizwa.

Tuzo nazo zimetusaidia: ile ya Cornell kwa fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Ila tuzo huchagua wachache, na mimi nawafikiria zaidi wale ambao miswada yao ilirudi kabatini. Miswada hiyo ndiyo inayohitaji msomaji wa pili.

Lazima niseme pia upande wa hatari. Wapo watu wanaosaidia kila mtu na hawamalizi chao. Vikao, vikundi, dibaji za vitabu vya watu, mwaka unakwisha. Linda saa zako za kuandika kwa ukali, hata kama ni saa moja kabla ya watoto kuamka, na kazi za wenzako zipe muda mwingine. Na katika vikundi vyetu angalieni ni nani anayepewa kuandika kumbukumbu za kikao na kutayarisha chai. Mara nyingi ni wanawake walewale, nao wana riwaya ambazo hazijaandikwa.

Kwa kazi ya mchana huu, Mwenyekiti akiridhia, napendekeza tusigawanyike kwa kufuata tanzu. Kila mmoja abadilishane kurasa tano na mtu asiyemfahamu, mshairi na mwandishi wa nathari, wa visiwani na wa bara. Tusome hadi saa tisa. Kisha kila msomaji asimame aeleze kazi ya mwenzake, si yake, kwa dakika tatu: inahusu nini, inatembea wapi, inakwama wapi. Mwenye kazi asijibu leo. Orodha ya majina iko kwa katibu.