Kupanda Owinu kwa Mbegu



Kichaka cha owinu, chenye maua ya manjano, tumekichimba mizizi kwa ajili ya dawa ya tumbo hata kimeadimika karibu na nyumba zetu. Tulipojaribu kukipanda, mbegu hazikuota; tukawalaumu kuku. Kumbe ngozi ya mbegu hiyo ni ngumu mno. Basi tukachuma maganda yaliyokauka, tukazimwagia mbegu maji ya moto, tukaziacha humo usiku kucha, tukazipanda mvua za masika zilipoanza. Zikaota.

Wakipsigis, wanaokiita senetwet, husafishia vibuyu vya maziwa kwa makaa yake. Lakini twawasihi, wazee: dawa hii huharisha kwa nguvu, na ikizidi ni sumu. Watoto wasinyweshwe, wapelekwe hospitali.