Foo-wili Haisimamishi Gari

Katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, ambako Wakenya wengi wamefanya maskani, theluji ya kwanza haipiti bila pikapu kuonekana zimelala mitaroni kando ya barabara kuu, na si haba kati yake zina foo-wili, yaani mtambo unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne. Kosa ni lile lile kila mwaka: dereva huona gari limeondoka vizuri, akadhani litasimama vizuri vilevile. Foo-wili husaidia kuondoka, haisaidii kusimama, kwa kuwa kila gari, hata lile dogo linalosukumwa na magurudumu mawili, hufunga breki kwenye yote manne.

Imani hiyo ililelewa kwenye tope. Mkenya aliyezoea udongo mweusi wa masika anajua kwamba tope lenyewe hulikamata gari, hivyo anayeachia mafuta husimama mara moja na shida yake yote huwa ni kwenda. Barafu haikamati kitu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, tangu breki zinapokamata, husimama katika mita 14 hivi kwenye lami kavu, lakini kwenye barafu tupu huhitaji takriban mita 100, na foo-wili haipunguzi hata mita moja. Basi kwa nini anayetoka zamu ya usiku alfajiri, saa ambayo madaraja yamekwisha kuganda kwa sababu upepo huyapitia juu na chini, hujibana nyuma ya lori kana kwamba ni kiangazi?

Pikapu tupu ina hatari yake, kwani injini huelemea mbele, bodi ya nyuma ni nyepesi, na mkia huchomoka kwenye kona. Mifuko ya mchanga iliyofungwa imara juu ya ekseli ya nyuma hufaa, ingawa nayo ni uzito wa kusimamishwa. Kinachoshika barabara ni tairi. Tairi za majira ya baridi, ambazo mpira wake hubaki laini chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, zifungwe zote nne, wala asisikilizwe anayedai kwamba mbili zinatosha kwa kuwa gari ni foo-wili. Kwenye lami kavu, foo-wili isiyo na difu ya kati, yaani kifaa kinachoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, itolewe, maana hukaza mitambo.

Anayeamka na kukuta theluji aondoke nyumbani mapema, aache nafasi kubwa mbele yake, na aanze kupunguza mwendo kabla taa haijawa nyekundu.