Kifungu cha Ugomvi

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme juu ya biashara. Nitasema jambo moja tu, mikataba, maana miongoni mwenu wako watakaofungua duka au uwakala hapa Chake Chake, Wete au Mkoani kwa jina la kampuni kubwa. Jina si lako, rangi ya ukuta si yako, hata bei umepangiwa. Lako ni mtaji, na hasara ikija.

Mikataba hiyo huja imeshachapwa. Karibu na mwisho mara nyingi pana kifungu kisemacho kwamba ugomvi hautakwenda mahkamani bali kwa msuluhishi, na pengine kwamba kila mwenye duka atadai peke yake, asiungane na wenziwe.

Usuluhishi si mgeni kwetu. Watu wawili wakigombea mpaka wa mikarafuu humwendea mzee wanayemwamini, na neno lake hulipokea. Lakini mzee yule wamemchagua wote wawili, yuko pale pale kijijini, wala hadai ada. Msuluhishi wa kwenye karatasi huenda akawa London.

Tazameni Marekani. Katika miaka ya 1970 mwenye duka mmoja wa 7-Eleven huko California aliishitaki kampuni ya Southland, iliyomiliki jina hilo, kwa niaba ya wenziwe wapatao 800. Mahkama za jimbo zilisema sheria yao inawalinda, wasikilizwe mahkamani. Mwaka 1984 Mahkama ya Juu ikatengua: sheria ya usuluhishi ya mwaka 1925 ina nguvu zaidi, na saini wameshatia.

Wafanya biashara, wakiwamo wenye mikahawa, walitaka kuidai American Express kwa pamoja. Mdai mmoja, hata akishinda kila kitu, asingepata zaidi ya dola 38,549, na mtaalamu wa kuthibitisha madai yake angegharimu dola laki kadhaa. Mwaka 2013 Mahkama ikasema mkataba ni mkataba. Mimi nasema (na wanasheria waliopo watanisamehe) haki ya namna hiyo haina tofauti na kutokuwa nayo.

Canada iliona vyengine. Dereva wa Uber Eats, mwenye pato la dola 400 hadi 600 kwa wiki, aliambiwa apeleke ugomvi wake Uholanzi, na kuuanzisha tu ni dola za Kimarekani 14,500. Mwaka 2020 Mahkama ya Juu ya huko ikakibatilisha kifungu hicho.

Kwa upande wetu, Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Bara, ya mwaka 1966, inaruhusu mmoja awasemee wengi wenye dai moja, kwa idhini ya mahkama. Mlango huo upo. Lakini ukishatia saini kifungu cha usuluhishi, mwenzako anaweza kuiomba mahkama isimamishe kesi.

Kwa hiyo ulizeni mapema: msuluhishi atakaa wapi? Nani atamlipa? Tunaweza kudai pamoja? Kampuni ikikataa kukupa nakala uende nayo nyumbani, hilo nalo ni jibu. Atakayeipata aniletee ofisini kabla hajatia saini, tuisome pamoja.