Mwenye Kuuza na Aseme: Mahindi ya Vinasaba na Amana ya Sokoni

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na kila aliyefuata njia yao. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mada yetu yaanza na kosa letu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2022 tulisimama mbele ya jamaa ya msikiti wetu tukasema kwamba mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ni haramu, kwa kuwa yametiwa chembe za nguruwe. Hatukuwa na dalili. Tulikuwa na ujumbe wa simu tu. Wiki ile ile mjane mmoja mwenye kulea wajukuu wanne aliurudisha unga aliopewa na kamati ya msikiti, ilhali ukame umeshika. Alisema heri walale na njaa kuliko kula haramu. Tulipofuatilia, tulikuta unga ule ni wa mahindi ya kawaida kabisa. Basi ulimi wetu ulimnyima mjane na mayatima chakula cha halali. Naye tumekwisha kumwomba radhi, na Allah twamwomba maghufira.

Kwa hiyo ni wajibu wetu kuyaeleza mambo kama yalivyo. Mwezi Novemba 2012 Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku kuingizwa kwa vyakula vya aina hii, baada ya kutangazwa utafiti wa wataalamu wa Ufaransa juu ya panya. Mwaka 2013 jarida lililouchapisha utafiti huo liliuondoa. Oktoba 2022 Serikali iliondoa marufuku, na kesi zikafuatana. Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliitupa kesi mojawapo. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena uingizaji na upandaji, ikingoja rufaa isikizwe.

Na mahindi yenyewe ni kitu gani? Aina iliyozozaniwa zaidi, iitwayo Bt, imetiwa kinasaba cha bakteria aishiye udongoni, ili mmea utoe protini iuayo kiwavi atoboaye mabua. Nguruwe hamo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba vyakula vya namna hii vilivyomo katika soko la kimataifa vimepita uchunguzi wa usalama, na havielekei kuleta madhara kwa afya.

Ama kuhusu hukumu, wanazuoni wa usuli wametufundisha kwamba asili ya vitu ni kuruhusika mpaka ipatikane dalili ya kuzuia, na kwamba madhara huondolewa. Juu ya misingi hiyo, Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa mwaka 2013 kuruhusu uhandisi wa vinasaba kwa masharti: uwe na manufaa, usidhuru watu wala mazingira, na usitumie asili ya haramu. Hivyo basi, haifai kuyajumlisha yote katika neno moja, wala la halali wala la haramu. Kila zao hutazamwa peke yake.

Lakini ndugu zangu, kutazama kwahitaji kujua, na mlaji hajui asipoambiwa. Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua; alilaumiwa kwa kuificha nafaka mbichi chini ya kavu, watu wasiione.

Sheria ya nchi nayo yaelekea huko huko. Sheria ya Usalama wa Viumbe ya mwaka 2009 yamzuia mtu kuingiza au kuuza viumbe hivi bila kibali, na adhabu yake yafika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Kanuni za mwaka 2012 zataka bidhaa iandikwe wazi ikiwa sehemu iliyobadilishwa yazidi asilimia 1. Ni kanuni njema. Hata hivyo, maandishi yako juu ya gunia, na wengi wetu hatununui gunia. Twanunua gorogoro moja, twapeleka kinuni. Gunia likishafunguliwa na kumwagwa chini, sheria imekwisha kazi yake, na kilichobaki ni amana ya muuzaji.

Na jambo hili litazidi. Siku hizi wataalamu huweza kuhariri kinasaba cha mmea bila kutia kitu cha kigeni, kama wanavyotafiti mtama utakaolishinda gugu la kiduha. Mwongozo wa Kenya wa mwaka 2022 waruhusu zao la namna hiyo, likithibitika halina kinasaba cha kigeni, lishughulikiwe kama mbegu ya kawaida. Huenda manufaa yake yakawa makubwa kwa mkulima maskini. Lakini maabara yenyewe yaweza kushindwa kulitofautisha na zao la asili. Pale ambapo kipimo hakioni, hapana shahidi ila neno la aliyelitengeneza.

Basi twausia mambo matatu. Kwanza, sisi wenye kupanda mimbari tusiharimishe chakula kwa uvumi, tutaulizwa. Pili, ndugu wafanyabiashara, msichanganye magunia, na mnunuzi akiuliza, mwambieni mlijualo. Tatu, Mamlaka ya Usalama wa Viumbe inapotangaza maombi na kuwaita wananchi watoe maoni, twendeni, tukadai maandishi yamfikie hata mwenye kununua gorogoro moja.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na kizuri, zihifadhi ndimi zetu na dhuluma, na uwashibishe wenye njaa miongoni mwetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.